Wageni wa Kabinti

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha fundi kufuli, pale njia inapokata kona kuelekea kituo cha mabasi. Mguu wake mmoja umewekewa tofali, na asiyelijua akikaa upande ule lazima ayumbe, nasi lazima tucheke. Mimi ndiye muuza kahawa. Jina langu la kuzaliwa wamelisahau. Wananiita Mama Birika, na siku hizi hata mume wangu kaiga, kichwa maji yule. Birika likiwa na moto, kila mtu pale ni bingwa wa kila kitu. Lakini Jumamosi ninayoisimulia, mchana jua likiwaka, wanaume wanne watu wazima walikuwa wamebanana benchini, vichwa vimegusana, wamekodolea macho kimashine cha kuchezea kinachoenea kiganjani. Na hakuna aliyekuwa anacheka.

Niwajulishe kwanza, msije mkapotea. Aliyekishika ni Funguo, fundi kufuli mwenyewe, ambaye mkewe alifariki akamwachia binti mmoja. Marehemu alikuwa mwandani wangu, ndiyo maana Funguo ananiita shemeji. Kulia kwake alikaa Gia, fundi wa malori, ambaye kwake kila kitu duniani kina injini. Kushoto alikaa Mheshimiwa, aliyewahi kugombea uenyekiti wa soko akashindwa, na tangu hapo hajaacha kuhutubia. Na kwenye ncha, amekunja nne, Mgeni Rasmi. Huyu ni binamu yake Funguo. Alikuja mjini kufuatilia mambo yake kwenye ofisi fulani, akasema atalala siku mbili. Mvua zimekuja, zikaenda, zikaja tena, binamu yupo.

Mchezo wenyewe ni wa maisha. Unapewa mtu, unapewa nyumba, na kazi yako ni kumfanya aishi: ale, aoge, alale, asalimiane na majirani, apande ngazi. Uko mchezo mkubwa wa kwenye televisheni, ambao vijana wanaupenda kufa. Huu wa mkononi ni mtoto wa ule, kazaliwa baadaye na tabia zake mwenyewe. Mwanzoni waliupachika jina la Nyumba Ndogo, mpaka mke wa Gia alipomsikia mumewe akisema kwenye simu kwamba jana alichelewa Nyumba Ndogo. Jina likafutwa siku hiyo hiyo.

Mashine ni ya Binti, mtoto wa Funguo, alipewa na shangazi yake. Shangazi anakaa mji mwingine, ana nyumba tulivu, na alikuwa amesema bila kuzunguka: mtoto yuko mwaka wa mtihani, aje akae kwangu asome. Binti hakujibu ndiyo wala hapana. Alikwenda kibandani akampa baba yake kile kimashine. Ndani yake mlikuwa na msichana aliyemtengeneza mwenyewe, nywele kama zake, shati la shule kama lake. Sisi tukamwita Kabinti. Akasema: "Baba, mfikishe huyu apite mtihani wake. Ukiweza, nabaki. Usipoweza, Jumamosi naondoka na shangazi." Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana Funguo aliogopa.

Basi tangu hapo kufuli za watu zimelala kibandani, na Funguo kidole chake hakijatoka kwenye vifungo vya mashine. Na Jumamosi ikafika.

Funguo: Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nitamfikisha.

Gia: Soma mistari kwanza. Dereva haondoki bila kuangalia mafuta.

Funguo: Njaa, kijani. Usafi, kijani. Furaha, njano.

Gia: Na usingizi?

Funguo: Usafi nimeshasema, kijani.

Gia: Bwana, usingizi?

Funguo: Nyekundu.

Mheshimiwa: Nyekundu tena! Ndugu wananchi, serikali ya Kabinti inaanguka.

Tatizo lilikuwa hapo. Kila kukicha ndani ya mchezo, Kabinti hubeba mkoba wake, huenda ofisi ya mtihani, hukaa, hushika kalamu, halafu kichwa kinadondoka mezani, po! Msimamizi mwenye miwani anatikisa kichwa, na kioo kinaandika: Jaribu Tena. Sijui wamejaribu mara ngapi. Mimi nilikuwa nauza kahawa, sikuwa nahesabu misiba.

Funguo: Ngoja. Sasa namlaza mapema. Haya, anakwenda chumbani... anakwenda... anafungua mlango... Ah!

Mheshimiwa: Nini?

Funguo: Kitandani kuna mtu.

Mheshimiwa: Nani?

Funguo: Yule mwenye kofia. Aliyekuja kuazima chumvi.

Gia: Si alikuja zamani huyo?

Funguo: Ndiye huyo huyo.

Gia: Chumvi hakupata?

Funguo: Alipata. Akakaa.

Mheshimiwa: Mpeleke kwenye kochi basi. Kiongozi hachagui godoro.

Funguo: Kwenye kochi yuko mpiga zumari.

Gia: Amelala?

Funguo: Anapiga zumari.

Gia: Jikoni je?

Funguo: Jikoni wamo wale mapacha, wanakula. Na bafuni kuna bibi mmoja ameingia tangu jana, hatoki, anaimba.

Niliinama nikatazama na mimi. Kweli bwana. Nyumba ya Kabinti ilikuwa imejaa tele, na Kabinti mwenyewe amesimama koridoni, mikono inaning'inia, juu ya kichwa chake kuna picha ya kitanda inawakawaka. Nilimwonea huruma, nami sina kawaida ya kuonea huruma vitu vya betri.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Mgeni akiingia kwa Kabinti, chini ya kioo vinatokea vifungo vitatu. Cha kwanza kina picha ya mkono unaopunga: kumsalimia. Cha pili kina sahani: kumlisha. Cha tatu kina mlango ulio wazi na mshale unaotoka nje. Hata mtoto wa chekechea anajua maana yake. Na wao walijua. Ila tangu siku ya kwanza walikubaliana benchi zima kwamba cha tatu hakiguswi.

Gia: Jamani, mimi nauliza tu. Kile kifungo cha mlango...

Mgeni Rasmi: Weee! Ishia hapo hapo.

Gia: Nauliza!

Mgeni Rasmi: Umfukuze mgeni? Tena kwa kidole gumba? Wewe ulilelewa wapi?

Mheshimiwa: Tulishapitisha azimio. Hoja haijadiliwi mara mbili.

Mgeni Rasmi: Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Mbona mwenyeji mwenyewe haponi? Si huyo hapo amesimama kama nguzo ya umeme?

Mheshimiwa: Mama Birika, mimina kahawa.

Nikamimina. Kwa nguvu kidogo, ikamrukia gotini, akaruka. Nikasema pole.

Gia: Mimi naona hivi. Hili ni suala la injini. Gari halilali, gari linazimwa. Mzime hapo hapo aliposimama.

Funguo: Alale wima?

Gia: Mbona madereva wa masafa wanalala kwenye usukani? Bonyeza alale hapo.

Funguo akabonyeza. Kabinti akafumba macho pale pale koridoni, akaanza kuyumba. Mstari mwekundu ukasogea kidogo, kidogo, benchi zima likashika pumzi. Mara pacha mmoja akatoka jikoni na sahani, akampamia. Kabinti akaamka, mstari ukarudi pale pale.

Mheshimiwa: Nilijua. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

Gia: Hiyo imeingiaje hapa?

Mheshimiwa: Imeingia vizuri sana. Kitandani kumejaa, uvunguni je? Ainame alale uvunguni. Methali inamwambia wazi, ninyi hamtaki kusikia.

Funguo: Ngoja nijaribu.

Mimi: Funguo, shemeji, mtoto wa watu alale uvunguni?

Funguo: Shemeji, leo nitajaribu kila kitu. Sina pa kurudi.

Akajaribu. Kabinti akainama, akachungulia uvunguni, akainuka tena, akatikisa kichwa.

Funguo: Kuna mabegi ya mpiga zumari.

Hapo naomba niseme langu la moyoni, maana lilinikaba wakati ule na linanikaba hata sasa. Nyumba ya Funguo, ile ya kweli, iko mtaa wa pili kutoka kibandani. Ina vyumba viwili na sebule. Kimoja cha Funguo. Cha pili kilikuwa cha Binti, mpaka binamu alipokuja na sanduku lake. Sanduku likaingia uvunguni na binamu akapanda juu. Jua likishuka, benchi hili zima linahamia sebuleni kwa Funguo. Mpira unatazamwa, siasa inachambuliwa, Mheshimiwa anahutubia, Gia anacheka kile kicheko chake cha kufungua breki. Na Binti anakuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, daftari magotini, anasubiri wachoke ndipo atandike godoro lake palipokuwa na miguu yao. Mwalimu wake alishamwambia baba mtu kwamba mtoto anasinzia darasani. Funguo akamnunulia maji ya matunda.

Funguo si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Angekupa shati lake akabaki kifua wazi. Siku moja nilimgusia habari ya binamu, akaniangalia kama mtu aliyeombwa aibe. "Shemeji," akasema, "ni damu yangu. Nitamwambiaje? Nitaanzaje?" Anajua kufungua kila kitasa cha mji huu, lakini sentensi hiyo moja ilimshinda.

Turudi benchini.

Mheshimiwa: Mimi nimeshagundua. Hii ni njama.

Gia: Ya nani tena?

Mheshimiwa: Ya wenye mchezo mkubwa! Wameutengeneza huu mdogo makusudi utushinde, tukate tamaa, tukanunue ule wa televisheni. Si Binti alisema kule kwenye mkubwa wageni wakichoka wanaondoka wenyewe?

Gia: Alisema hivyo?

Funguo: Alisema. "Baba, huu si kama ule wa kwa shangazi. Humu usipowaambia, hawaondoki."

Gia: Na wewe ukasemaje?

Funguo: Nilidhani anazungumzia panya. Nikamwambia nitanunua mtego.

Mimi: Mungu wangu.

Mgeni Rasmi: Tulieni, tulieni. Ninyi mnajadili, mimi nina uzoefu. Dawa ya moto ni moto. Dawa ya wageni ni mgeni.

Gia: Kivipi?

Mgeni Rasmi: Mkaribishe mmoja aliye mkali, mwenye sauti. Akiingia huyo, wenzake wataona haya, watatawanyika wenyewe. Wewe mwenye nyumba hujasema neno, heshima yako iko pale pale.

Funguo: Haya maneno yana akili.

Mimi: Hayana hata chembe.

Mheshimiwa: Mama Birika, kahawa.

Wakamkaribisha jirani mmoja wa Kabinti, mpishi mnene mwenye masharubu, aliyekuwa anapita njia na shughuli zake. Akaingia. Nyuma yake akaingia mbwa. Mbwa akaenda moja kwa moja kwenye kochi, mpiga zumari akasogea kumpisha, wakajipanga vizuri wote wawili. Mpishi akaenda jikoni kwa mapacha, wakapikiana. Bibi wa bafuni akaimba kwa furaha zaidi.

Gia: Mgeni Rasmi, hongera. Umeongeza mbwa.

Mgeni Rasmi: Penye wengi pana Mungu.

Mimi: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo nayo si ya wahenga?

Lilinitoka tu. Nilimtazama machoni niliposema, wala sikujificha. Mgeni Rasmi akapuliza kahawa yake taratibu.

Mgeni Rasmi: Ni ya wahenga, dada yangu, siibishii. Ila ina masharti yake. Mimi jembe sijapewa. Kwa hiyo kisheria bado niko siku ya pili.

Gia akacheka kile kicheko chake. Mheshimiwa akacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, maana ilikuwa tamu. Funguo peke yake hakucheka. Alikuwa amempeleka Kabinti ofisi ya mtihani mara nyingine, na kichwa kilikuwa kimeshadondoka mezani. Jaribu Tena. Akafuta jasho kwa kiwiko, akaanza upya.

Gia: Kaka, pumzika basi kidogo. Macho yamekuwa mekundu kuliko mstari wa Kabinti.

Funguo: Sipumziki. Mama yake aliniambia neno moja tu kabla hajaondoka: mtoto asiniondokee mkononi. Nimemlea, nimemsuka nywele mwenyewe kwa vidole hivi vya grisi, akachekwa shuleni, nikajifunza mpaka nikaweza. Leo nishindwe na kidude hiki? Haiwezekani. Leteni wazo jingine.

Gia: Wazo lipo, lakini linatisha.

Funguo: Lilete.

Gia: Hawa wageni wanajuaje pa kuja? Mji wa Kabinti una nyumba nyingi. Mbona hawaendi kwingine?

Mheshimiwa: Hilo nalijibu mimi. Habari zimeenea. Mle ndani, kwenye kona fulani ambayo sisi hatuioni, liko benchi kama hili. Wamekaa, wanakunywa kahawa, wanaambiana: jamani, iko nyumba pale, mwenyewe hana neno. Ukiingia umeingia.

Gia: Na kama wana benchi, wana mashine?

Mheshimiwa: Wanayo.

Gia: Na ndani ya mashine yao kuna nani?

Mheshimiwa: Fikiria mwenyewe.

Gia: Sisi?

Mheshimiwa: Sikusema mimi.

Gia akainua macho, akatazama juu, polepole, kama kuna kidole kinakuja. Kisha akavuta miguu yake chini ya benchi. Mtu mzima, ana watoto watano na leseni ya kuendesha malori ya matela.

Ni wakati huo ndipo alipokuja dada mmoja ambaye hatujawahi kumwona, ana sare ya kazi na mfuko wa sokoni, ameshika kufuli ambayo ufunguo umevunjikia ndani. Akasalimu, tukaitikia. Funguo akamwambia: "Dada, nisubiri kidogo tu, niko kwenye jambo." Dada akakaa upande wa tofali, akayumba, akajishika. Siku hiyo hakuna aliyemcheka. Kahawa ilikuwa inaelekea ukingoni, na basi la shangazi lilikuwa la mchana huo huo. Nikampa kikombe. Akanyosha shingo akatazama kioo.

Dada: Samahani, mnacheza nini?

Mheshimiwa: Hatuchezi, mama. Tunaokoa.

Dada: Mbona watu wengi hivyo humo?

Gia: Wageni hao.

Dada: Na mwenye nyumba ni yupi?

Funguo: Huyu hapa. Mwenye shati la shule.

Dada: Huyu aliyesimama koridoni?

Funguo: Ndiye.

Dada akamtazama Kabinti kwa muda. Akanywa kahawa yake kidogo.

Dada: Sasa yeye mtoto mwenyewe, chumba chake ni kipi?

Basi. Hivyo tu. Hakusema kwa kejeli, aliuliza kama mtu anayeuliza duka la dawa liko wapi.

Mheshimiwa akasema, "Suala hilo..." halafu suala hilo likamfia mdomoni. Mimi nilikuwa na birika hewani, nimeinamisha, na nikaliacha hivyo hivyo bila kumimina. Mgeni Rasmi aliteremsha mguu wake uliokuwa juu ya mwingine, akauweka chini, akautazama. Funguo alitazama kioo. Akainua uso akatazama upande ule iliko nyumba yake. Akarudi kutazama kioo. Nimemfahamu miaka mingi, nimemwona siku alipomzika mkewe, na sikuwahi kumwona na uso ule. Aliona haya, jamani. Aliona haya mpaka masikio.

Dada: Nimekosea kuuliza?



Funguo akapeleka kidole gumba kwenye kifungo cha mlango. Mgeni Rasmi alikiona, Mheshimiwa alikiona, wala hakuna aliyetaja azimio. Akabonyeza.

Yule mwenye kofia akaketi kitandani. Akajinyosha. Akavua kofia, akainama kidogo kwa Kabinti, akapunga mkono na kutabasamu meno yote nje, akatoka zake. Hakununa. Hakupiga kelele. Alama ya urafiki wao haikushuka hata kidogo.

Gia: Mbona hajakasirika?

Funguo alikuwa ameshahamia kwa mpiga zumari. Naye akapunga. Mapacha wakapunga, kila mmoja na kipande cha mkate. Mpishi akapunga, mbwa akatikisa mkia. Bibi wa bafuni akatoka amejifunga taulo, akampiga Kabinti busu la shavuni na kwenda. Nyumba ikawa tupu. Kabinti akageuka huku na huku kama asiyeamini, akaingia chumbani kwake, akapanda kitandani, akavuta shuka mpaka kidevuni. Mstari mwekundu ukaanza kupanda.

Funguo akaiweka mashine juu ya goti. Hakuinua kichwa.

Funguo: Binamu.

Mgeni Rasmi: Naam.

Funguo: Chumba cha mtoto nakihitaji.

Mgeni Rasmi: Lini?

Funguo: Leo.

Dada wa watu akajifanya anatafuta kitu mfukoni mwake.

Funguo: Nakupenda, wewe ni damu yangu, na ukija tena nitakupokea. Ila leo naomba uondoke. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka kituoni. Na ninyi wawili, sebule yangu jioni naifunga. Tutakutana hapa hapa benchini, tukitawanyika kila mtu aende kwake. Anayetaka kununa anune.

Gia: Mimi sinuni.

Mheshimiwa: Nami... nakubaliana na mtoa hoja.

Mgeni Rasmi alikuwa anatazama kikombe chake kitupu. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa kwa lawama za ukoo mzima kuanzia babu. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Mgeni Rasmi: Mbona hukuniambia?

Funguo: Nilikuwa naogopa utaudhika.

Mgeni Rasmi: Mimi mambo yangu ya ofisini yaliisha zamani, Funguo. Kila nikitaka kuaga unaniambia, kaa, unakimbilia wapi, kwani umechoshwa na sisi? Nikawa naogopa wewe ndiye utakayeudhika.

Wakatazamana. Halafu binamu akasimama, akapangusa suruali yake, akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili, akaniambia: "Dada, ahsante kwa kahawa." Akaelekea nyumbani kufunga sanduku lake. Nami ambaye nilikuwa nimemchukia muda wote ule, nikajikuta namwonea huruma.

Hakufika mbali kabla Binti hajatokea upande wa pili wa barabara. Begi liko begani. Shangazi alikuwa ameshatangulia kituoni kushika viti. Macho ya yule mtoto yalikuwa yamezama ndani, ana vivuli chini yake ambavyo mtu wa umri wake hapaswi kuwa navyo. Akatusalimia wote, shikamoo moja moja, mpaka yule dada wa kufuli. Kisha akanyosha mkono.

Binti: Baba, nimekuja kuchukua mashine. Umefika wapi?

Funguo: Sijafika, mama.

Binti: Hajapita?

Funguo: Hajapita. Hata kujaribu sasa hajaribu. Amelala.

Binti akapokea. Akaitazama nyumba ya Kabinti, chumba kwa chumba. Nilikuwa naona kidole chake kinavyopita. Akatazama tena tangu mwanzo.

Binti: Wageni wako wapi?

Funguo: Wameondoka.

Binti: Nani aliwaambia?

Funguo: Mimi.

Binti: Wote?

Funguo: Wote. Na wa kwetu pia. Baba yako mdogo anafunga mzigo, chumba chako kiko wazi. Sebuleni hatakuja mtu. Nimechelewa kusema, mwanangu, najua nimechelewa sana, na tulikubaliana, na mimi nimeshindwa. Kama unakwenda na shangazi sikuzuii. Nitakubebea begi.

Akanyosha mkono kuchukua lile begi. Binti hakumpa. Alisimama pale, mashine imebanwa kifuani, midomo inamcheza, nikadhani atalia, wala hakulia. Alipiga mwayo. Mwayo mkubwa, mrefu, ukamtoa machozi, na hakuujali kuuziba.

Binti: Mpigie shangazi. Mwambie leo asinisubiri. Ya kesho tutayaongea nikiamka.

Funguo: Ukiamka?

Binti: Nakwenda kulala.

Gia: Mchana huu?

Binti: Mchana huu.

Akaondoka na begi lake, anakokota miguu, akakata kona kuelekea nyumbani. Funguo akabaki amesimama, simu mkononi, hajaipiga. Birika langu lilikuwa tupu, na hakuna aliyeomba kahawa. Mheshimiwa alitaka kusema jambo, na alipolisema alinong'ona, ingawa nyumba anakolala mtoto iko mtaa wa pili.